UZI: Protini zinavyopokezana zamu kulijenga jicho la kiinitete (wa biolojia na wa kubisha, karibuni)

#1 Darubini

Wakuu, salaam.

Kuna uzi uliochachamaa kwa ubishi kuhusu "jeni ya jicho": kwamba ipo moja, ukiwa nayo unaona, ukizaliwa bila hiyo huoni. Kule sijibu, kelele ni nyingi. Nimeona nifungue uzi wake, na msimamo wangu nauweka mezani mapema ili wa kubisha ajipange: hakuna protini ya jicho. Karibu kila protini inayolijenga ina kibarua kingine mahali pengine mwilini. Kinacholifanya jicho liwe jicho ni protini gani inaingia lini, kwa kiasi gani, na inaondoka lini.

Ratiba kwanza. Kwa binadamu, siku ya 22 hivi baada ya mimba kutungwa, vishimo viwili vinaonekana pande mbili za ubongo wa mbele, na hapo ubongo wenyewe bado ni mfereji ambao haujafunga. Vishimo vinatokeza kwa nje na kuwa vifuko. Vifuko vinaifikia ngozi changa ya kichwa, na pale vinapoigusa ngozi inanenepa. Kisha vyote viwili vinabonyea kwa pamoja: kifuko kinakuwa kikombe chenye kuta mbili, wa ndani utakuwa retina na wa nje tabaka lenye rangi nyeusi, ile ngozi nene nayo inajikunja, inajifunga, inakatika na kuzama kwenye mdomo wa kikombe. Hiyo ndiyo lenzi changa, kitufe kidogo chenye uwazi katikati.

Kwa hiyo retina ni kipande cha ubongo na lenzi ni kipande cha ngozi. Asili mbili tofauti, na kote kuwili unaikuta PAX6 tangu mapema kabisa.

PAX6 ni protini ya amino asidi 422 inayoshika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Umaarufu wake ulikuja mwaka 1995, Walter Gehring na wenzake kule Basel, Uswisi, walipoiwasha jeni ya nzi inayolingana na PAX6 mahali pasipo pake. Macho yakaota kwenye mabawa, miguuni na kwenye vipapasio. Wakajaribu kwa kuweka ile ya panya ndani ya nzi: macho yakaota tena, na yakawa macho ya nzi. Ndipo watu wakatangaza "jeni ya jicho imepatikana". Lakini PAX6 hiyohiyo iko kwenye kongosho, ambako seli za insulini na glukagoni zinaihitaji. Iko puani, iko ubongoni. Kongosho halijawahi kuota jicho.

Naendelea hapo chini.

#2 Kalamu Kavu

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu, wengine biolojia tuliiacha kwenye amiba.

#3 Mbishi Rasmi

Mkuu umejifunga goli mwenyewe. Unaiwasha PAX6, jicho linaota hata mguuni. Unaizima, jicho halitokei. Sasa jeni ya jicho ni ipi kama si hiyo? Kongosho ni hoja ya kando.

#4 Darubini

Nilikuwa nakusubiri wewe.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotoa protini ya PAX6, ya baba na ya mama, kwenye kromosomu ya 11. Tuseme moja imeharibika. Nyingine ni nzima na protini yake haina kasoro yoyote, ila sasa imepungua kwa takriban nusu. Mtoto anazaliwa bila irisi, lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni, au nayo kidogo sana, na mara nyingi sehemu ya katikati ya retina inayotuwezesha kuona kwa makini haijakomaa. Hali hiyo inaitwa aniridia. Nakala zote mbili zikiharibika, macho hayatokei, ubongo unavurugika na mtoto haishi. Sasa geuza upande wa pili: panya waliopewa nakala za ziada, mwaka 1996, nao walipata macho madogo yenye hitilafu. Kidogo ni tatizo, nyingi ni tatizo. Kitu kinachofanya kazi ndani ya kipimo namna hiyo huwezi kukieleza kwa "ipo" na "haipo".

Na kuna kisa kinachonipendeza zaidi, cha kondoo. Kwanza ujue: mwanzoni kabisa kiinitete hakina macho mawili. Kuna eneo moja tu lililolala kukatiza upande wa mbele wa ubongo, seli zake zimejaa protini tatu za kuendesha jeni nyingine: RAX, SIX3 na PAX6. Kisha seli za mstari wa kati zinatoa protini ya kutumwa kwa jirani, SHH. Seli zinazoipata kwa wingi zinapandisha PAX2, ndugu wa PAX6, na kushusha PAX6, nazo zinakuwa shina la jicho, njia ya neva ya kuonea. PAX2 na PAX6 hazikai nyumba moja. Kila moja inaizima mwenzake, ndiyo maana mpaka kati ya shina na kikombe umechorwa wazi. Eneo moja linagawanyika, unapata jicho la kushoto na la kulia.

Miaka ya 1950 huko Idaho, Marekani, wafugaji walikuwa wakipata wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Chanzo kikaja kubainika: mama zao walikula mmea wa porini, Veratrum californicum, wakiwa na mimba, na siku ya hatari ni ya 14 hivi. Kemikali iliyomo, siklopamini, inaziba protini inayopitisha ujumbe wa SHH ndani ya seli. Jeni za wale kondoo zilikuwa nzima zote, PAX6 ikiwemo. Ujumbe mmoja ulikatika kwa muda mfupi, basi.

#5 Msomi wa Wodi

Mwalimu, naomba nichomekee hapo kwenye PAX2.

Kile kikombe kina mpasuko upande wa chini, mishipa ya damu inapita humo. Unatakiwa kufunga wiki ya 6 kuelekea ya 7. PAX2 ikipungua nusu, mpasuko haufungi vizuri, linabaki pengo, koloboma. Na mgonjwa huyohuyo unaweza kumkuta na figo ndogo zisizofanya kazi sawasawa, kwa sababu PAX2 inajenga figo pia. Daktari anatazama nyuma ya jicho, halafu anaagiza kipimo cha figo. Ndugu wa mgonjwa wanashangaa.

Aniridia nayo inatupeleka kwenye figo, ila kwa mlango mwingine. Jirani wa PAX6 kwenye kromosomu ya 11 ni jeni inayoitwa WT1. Kipande kikikatika na kuondoka na vyote viwili, mtoto yuko kwenye hatari ya saratani ya figo ya utotoni. Mtoto mwenye aniridia ambaye kwao hakuna mwingine mwenye hali hiyo anapaswa kupimwa jeni, na kama kipande kimekatika, figo zake zifuatiliwe mara kwa mara.

#6 Darubini

Asante sana daktari mtarajiwa. Sasa lenzi, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo mabadiliko ya protini yanapoonekana kwa uwazi kuliko kiungo chochote ninachokijua.

Mwaka 1901 Hans Spemann aliharibu kifuko cha jicho upande mmoja wa kiinitete cha chura. Upande huo lenzi haikutokea. Kwa hiyo ngozi haijiamulii, inapewa ujumbe. Leo tunajua sehemu ya ujumbe huo ni BMP4 na FGF, protini za kutumwa kwa jirani kama SHH. Ila ngozi yenyewe lazima iwe tayari ina PAX6, maana ujumbe huohuo ukiifikia ngozi isiyo nayo hautoi lenzi. Ujumbe ukishaingia, SOX2, protini nyingine ya kuwasha jeni, inapanda, na hapo ndipo kitu kinapoanza. Kwenye kifaranga imeonyeshwa kwamba PAX6 na SOX2 zinakaa bega kwa bega juu ya kipande kimoja cha DNA, na zikiwa pamoja ndipo jeni ya kristalini inawaka. Moja pekee haitoshi.

Kristalini ndizo protini zinazojaza lenzi: karibu asilimia 90 ya protini zake zinazoyeyuka. Kuna alfa, beta na gama. Haziji kwa pamoja. Kwa panya, ambaye mimba yake ni siku 19 hadi 20, alfa-B inaonekana siku ya 9 na nusu, ngozi ikiwa ndiyo kwanza imenenepa. Alfa-A inafuata siku moja hivi baadaye, ngozi ikishabonyea. Beta na gama zinasubiri mpaka siku ya 11 na kuendelea, seli za ukuta wa nyuma wa kile kitufe zinapoanza kurefuka kuwa nyuzi na kuziba uwazi wa ndani.

Kwa nini nyuma zirefuke na mbele zibaki fupi? Mwaka 1963 Coulombre na mkewe waliigeuza lenzi ndani ya jicho la kiinitete cha kuku, mbele ikawa nyuma. Seli fupi zilizojikuta zinaitazama retina zikaanza kurefuka. Jibu kubwa ni FGF, ambayo ni nyingi upande wa nyuma. Dozi ndogo inazifanya seli zigawanyike, dozi kubwa zaidi inazifanya ziache kugawanyika na kuwa nyuzi. Protini ileile, kiasi tofauti, hatima tofauti. Mbishi Rasmi, andika hiyo.

Seli inapokuwa uzi inabadili karibu kila kitu. Inaachana na kadherini-E, gundi ya seli za ngozi, na kubaki na kadherini-N. Protini iitwayo konneksini 43 inapisha konneksini 46 na 50, zinazofungua vinjia kati ya uzi na uzi. Akwaporini 0, mlango wa maji, inajaa kwenye utando. MAF na PROX1, protini za kuwasha jeni, zinasukuma kristalini kwa wingi. Halafu linafanyika jambo ambalo seli nyingine likizipata tunaziita maiti: uzi unavunja mitokondria zake na kiini chake. Kuna kimeng'enya maalumu, DNase II-beta, kinachokatakata DNA ya kiini hicho. Panya waliokosa kimeng'enya hiki wanapata mtoto wa jicho kwa sababu mabaki ya DNA yanatawanya mwanga.

Fikiria maana yake. Seli isiyo na kiini haiwezi kuandika agizo jipya la protini. Kilichomo ndicho kilichomo. Kristalini zilizo katikati kabisa ya lenzi yako zilitengenezwa ukiwa tumboni, na bado ni zilezile. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walipima kaboni ya mionzi kwenye kristalini za watu waliofariki na wakaweza kukadiria mwaka wa kuzaliwa. Mwaka 2016 njia hiyo ilitumika kwa papa wa Greenland. Jike mkubwa kuliko wote alikadiriwa kuwa na miaka 392, toa au jumlisha 120. Umri wake walikwenda kuusoma kwenye protini zilizotengenezwa akiwa bado hajazaliwa.

#7 Kalamu Kavu

Hii ya papa nimeisoma mara mbili. Swali la mtu wa amiba: hizo kristalini zilitoka wapi? Mwili ulibuni tu protini ya kupitisha mwanga?

#8 Darubini

Swali zuri kuliko unavyolidhania, na jibu lake ndiyo hoja yangu nzima.

Hazikubuniwa. Ziliazimwa. Alfa ni ya ukoo wa protini zinazoitikia joto na misukosuko, na alfa-B ipo tele moyoni na kwenye misuli. Ndege na reptilia wana kristalini ya delta. Ukiichunguza unakuta ni kimeng'enya cha kutengeneza arginini. Bata ana nyingine, epsiloni, nayo ni kile kimeng'enya kinachoshughulika na asidi ya laktiki mwilini. Ni protini zilizokuwa na kazi zao, zikazalishwa kwa wingi wa kupindukia ndani ya lenzi, zikawa kioo.

Na zamu nazo hazifanani. Kwa kifaranga inayotangulia ni delta, alfa inakuja nyuma. Delta ndiyo inayotawala lenzi yake wakati wote akiwa ndani ya yai, kisha uzalishaji unashuka baada ya kuanguliwa.

#9 Mama Wawili

Samahani wataalamu, mimi si wa fani hii. Mtoto wa mdogo wangu amezaliwa juzi na mtoto wa jicho, macho yote. Watu wanasema mama alitazama kitu kibaya akiwa mjamzito. Je, hizi protini ndizo zinazohusika?

#10 Msomi wa Wodi

Pole sana dada, na mpe pole mdogo wako. Alichokitazama hakihusiki hata kidogo.

Sababu ni kadhaa. Nyingine ni mabadiliko kwenye jeni za hizohizo kristalini. Alfa ina kazi ya ulezi: protini jirani ikianza kufunguka na kutaka kushikana na nyenzake, alfa inaizuia. Ulezi ukishindwa, protini zinagandamana na lenzi inakuwa nyeupe, vile ute wa yai unavyofanya ukichemka. Kuna familia ambazo amino asidi moja tu ya alfa-B, ya 120, imebadilika kutoka arginini kuwa glisini, na wanapata mtoto wa jicho pamoja na ugonjwa wa misuli, ukiwemo wa moyo. Sababu nyingine ni maambukizi. Rubela kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, iliunganishwa na mtoto wa jicho na daktari wa Australia, Norman Gregg, mwaka 1941, na chanjo yake ipo. Kuna pia hitilafu za kimetaboliki kama galaktosemia, mwili kushindwa kuitumia sukari ya maziwa, ambazo zinapimwa.

La haraka: apelekwe kwa bingwa wa macho wa watoto sasa, asingojee akue. Ubongo unajifunza kuona wiki na miezi ya mwanzo. Ukikosa picha wakati huo, hata lenzi ikiondolewa baadaye uoni hauwi kamili.

#11 Mbishi Rasmi

Nakubali kidogo, si sana. Ila hizi "siku ya 9 na nusu", "siku ya 11", mnazijuaje? Kiinitete cha panya kwa umri huo ni kama punje.

#12 Darubini

Kinakatwa vipande vyembamba mno, vinapakwa kingamwili inayoshika protini moja tu na kung'aa chini ya hadubini. Protini ipo, panang'aa. Kuna pia njia ya kupima uzito wa vipande vya protini, unapata maelfu yake kwa mkupuo, lakini sampuli ndogo namna hiyo inasumbua.

Tahadhari moja kwa wanaosoma tafiti: nyingi za siku hizi zinapima RNA kwenye seli mojamoja, kisha waandishi wa habari wanaandika "protini". RNA ni agizo, si bidhaa. Katikati ya lenzi maagizo yamekwisha kabisa na bidhaa imejaa pomoni.

#13 Darubini

Retina nitaipitia kwa kifupi, inastahili uzi wake.

Kikombe kikishaundwa, ukuta wa ndani unashika protini VSX2 na wa nje unashika protini MITF. FGF inayotoka kwenye ngozi jirani inausaidia ule wa ndani kubaki retina; MITF inauelekeza wa nje kutengeneza melanini. Kisha seli za retina zinazaliwa kwa foleni: za neva ya kuonea kwanza, zikihitaji protini ATOH7, koni (za kuona rangi) mapema, fito (za mwanga hafifu) na seli za Müller (za kutegemeza nyingine) zikichelewa. Seli changa ya kupokea mwanga ikipata protini NRL inakuwa fito. Panya asiye na NRL hana fito hata moja. Zile zilizokuwa ziwe fito zinageuka kuwa koni za aina ya bluu. Kwa binadamu opsini ya bluu, protini ya koni inayonasa mwanga, inatangulia, wiki ya 11 hivi, rodopsini ya fito inafuata karibu na wiki ya 15. Protini za kuonea ziko tayari miezi kabla ya kuwa na cha kuona.

Na mwaka 2011 timu ya Yoshiki Sasai, Japani, iliweka seli shina za panya kwenye chombo cha maabara, zikajikunja zenyewe kuwa kikombe chenye kuta mbili. Hapakuwa na lenzi wala kichwa.

#14 Chozi la Samaki

Mkuu umegusa melanini, nauliza: watu wenye ualbino shida yao ya kuona si mwanga mkali tu?

#15 Darubini

Mwanga mkali unawasumbua kweli, lakini shida kubwa ilianza tumboni. Melanini au hatua za kuitengeneza zikipungua, kwa mfano tirosinasi, kimeng'enya cha kutengeneza melanini, ikikosekana, retina ya katikati haikomai vizuri, na nyuzi nyingi kuliko kawaida za neva ya kuonea zinavuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Ndiyo maana miwani ya giza pekee haiwarudishii uoni. Tirosinasi kila mtu anaijua kama protini ya rangi ya ngozi, na kumbe inaacha alama kwenye nyaya za ubongo.

#16 Chozi la Samaki

Basi na mimi nichangie la fani yangu. Samaki wa mapangoni wa Meksiko, Astyanax mexicanus, hana macho, lakini kiinitete chake kinaanza kuyajenga kama kawaida. Kikombe kinatokea, lenzi inatokea, halafu seli za lenzi zinajiua na jicho zima linasinyaa. SHH yake ya mstari wa kati imeenea kupita kipimo. Mwaka 2000 Yamamoto na Jeffery walichukua lenzi ya kiinitete cha ndugu yake anayeishi juani, wakaipandikiza kwa yule wa pangoni. Jicho likakua. Kwa hiyo vifaa vyote vya jicho bado anavyo, vimekaa tu.

#17 Mbishi Rasmi

Haya, "jeni ya jicho" naiweka chini. La mwisho: kama vifaa vinabaki vimekaa, je, zamu inaweza kuanzishwa upya kwa mtu mzima? Lenzi ikitolewa, protini zikaanza mwanzo?

#18 Darubini

Kwa salamanda wa majini, ndiyo. Ukimtoa lenzi, seli za rangi za nusu ya juu ya irisi zinamwaga rangi yake, zinagawanyika, zinarudi kwenye PAX6 na kundi lake, kisha kristalini, mpaka lenzi mpya. Watafiti wa Japani waliwatoa salamanda walewale lenzi mara 18 ndani ya miaka 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na lenzi za mwisho hazikuwa na tofauti na za salamanda ambao hawajawahi kuguswa.

Kwa binadamu irisi haifanyi hivyo. Ila seli za mbele za lenzi yenyewe, zile fupi, bado zinaweza kugawanyika, hasa kwa mtoto mchanga. Mwaka 2016 madaktari wa China walichapisha upasuaji wa watoto 12 wenye mtoto wa jicho: walitoboa tundu dogo, wakaacha mfuko wa lenzi na seli zake, na lenzi ikaota upya ndani yake.

Mama Wawili, nimeyaandika haya kujibu swali tu. Mbinu hiyo haijawa ya kawaida, kwa hiyo msiisubiri. Mpelekeni mtoto kwa upasuaji atakaoshauri bingwa, na baada ya hapo yale matone, miwani au lenzi za kuvaa mtakazopewa mzifuate bila kuruka.